Mrija wa Marehemu Baba

Hospitalini, Mwanza
9 Machi 1979

Dada Adelfina, shikamoo.

Nimefurahi kusikia maharage yamekubali. Mama bado anaamini napika kambini. Mwache hivyo hivyo.

Risasi ilinivunja taya kule Masaka. Jumanne nimepasuliwa, meno yakafungwa kwa waya. Koo linauma kwa mpira waliopitisha nikiwa nusukaputi, ila maji baridi kidogo kidogo yanalituliza. Kichefuchefu ndicho nakiogopa, maana kutapika mdomo umefungwa kunaua. Nalala nimeinua kichwa.

Uji nanyonya kwa mpira unaonuka dawa, ndio unaonichefua. Nitumie ule mrija aliokuwa akinywea pombe ya rubisi marehemu baba, uko darini.

Mama akiuliza, mwambie nimeanza ulevi. Atanisema wiki nzima, lakini usingizi ataupata.

Mdogo wako,
Gaspari