Talaka ya Turbo

Jumatatu, 13 Januari 2025

Assalamu alaikum, nafsi yangu. Umeamkaje? Homa ya juzi imekuacha? Mimi alhamdulillahi, kichwa tu. Na kichwa hicho sababu yake yaitwa Zakariya.

Mume wangu ana vidio mpya. Ya nne hii! Muuza leso wa Biashara Street, gari hana, leseni hana, na ndiye anayefundisha watu kutia gari turbo. Alianza Disemba duka lilipopoa. Akasimama mbele ya Probox ya rafiki yake Kioko, akaifunika boneti kwa leso, akasema gari nalo hushikwa na baridi. Watu wakacheka mpaka Tudor. Sasa waja dukani kupiga naye picha — Bwana Turbo, Bwana Turbo! Leso hawanunui.

Hii mpya ameniletea kwa simu Raihana, binti yetu aliyeolewa Malindi. Baba mtu asema: injini ya dizeli yataka kahawa tungu asubuhi, ifunguke macho. Oili itiwe tangawizi. Injini ikikohoa, kikohozi hicho ndicho turbo. Ekzosi ifukizwe udi, gari lidhani liko harusini, litakimbia lenyewe. Tuktuk usiitie turbo kabisa, itaota gurudumu la nne!

Hapo nilicheka. Kisha mwishoni akainua kidole. "Atakayefanya haya yote, na gari lake lisipande daraja la Nyali kama ndege, basi mke wangu Swafia nimemwacha!"

Swafia ndiye mimi.

Jumanne, 14 Januari

Nimemwambia wakati wa chai. Neno lile si la kuchezea, Zakariya, futa. Ati mzaha tu, nani duniani atatia tangawizi kwenye injini? Nikamwambia talaka haina mzaha, tumefundishwa chuoni tungali watoto: aliyetania nayo na aliyekusudia, wote wameshaacha. Akanijibu kuwa vidio imeshatazamwa na watu wengi, kuifuta sasa ni kama kumwaga pilau wageni wamekaa mkekani.

Akamaliza chai, akatoka aimba.

Alhamisi, 16 Januari

Amepatikana mtu! Kioko mwenyewe! Karani wa reli, anakaa Buxton, mtu mzima na akili zake. Naye ametoa vidio. Kijiko cha tangawizi hiki hapa, kikombe cha kahawa, chetezo nyuma ya ekzosi. Halafu daraja la Nyali. Gari likapanda, likapanda, likazima katikati. Honi nyuma yake kama kiyama. Kioko akatoka nje acheka machozi: "Bwana Turbo, mke huna!"

Nilikuwa nakuna nazi. Nimeiacha pale pale kwenye mbuzi.

Kioko simlaumu sana, si Mwislamu. Kwao pengine neno hilo ni neno tu, lasemwa lapita. Lakini sharti si limetimia? Nafsi yangu, mimi sasa ni mke wa mtu au si mke?

Ijumaa, 17 Januari

Nimekwenda kwa Maalim Fadhiya, anayetusomesha wanawake. Yeye hakucheka. Akasema atalipeleka suala kwa sheikh wa msikitini, na jibu likija lije, kwa sasa mwanangu jitenge. Ikiwa talaka imeanguka, ni moja. Na ungali edani mumeo aweza kukurejea, wala hapana arusi wala mahari. Neno tu: nimekurejea.

Neno tu!

Nimehamia chumba cha Raihana, ghorofani. Nimejitanda mtandio jikoni mwangu mwenyewe, nikamwekea chakula kwenye sinia. Akanikuta. "Karibu mgeni! Wamtaka nani hapa?"

Nikamwambia, Zakariya, sema umenirejea, yaishe. Akasema yeye hawezi kurudi safari asiyokwenda. Akafika mlangoni, akageuka: "Ama nikurejee kwa gia ya revasi?"

Akajichekea peke yake. Mimi nikapanda ngazi.

Jumapili, 19 Januari

Sinia yarudi tupu. Anakula vizuri, alhamdulillahi!

Jumatatu, 20 Januari

Majirani wawili wameniuliza kama ni kweli. Mmoja ameuliza huku acheka, mwingine huku anipima kwa macho. Nimewajibu ni heri tu.

Leo nimekumbuka nisilotaka. Tulipomzika mwanetu Abdulbasit, siku ya tatu tu baba yake alikuwa barazani awachekesha waliokuja kutupa pole. Watu wakasema mashaallah, ana subira. Mimi nilikuwa ndani nangoja aje aniambie chochote, hata "mke wangu, imeniuma". Alikuja akaniambia chakula cha wageni hakina chumvi.

Sikumdai. Nilisema kila mtu na kilio chake. Lakini sasa nadai. Ya Rabbi, nisamehe, nadai!

Jumatano, 22 Januari

Kioko amekuja na mkewe Mwende. Amekuja ni kusema tu, ameletwa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kung'olewa jino.

"Sema!" Mwende akamsukuma bega. "Mdomo wa kuchekea unao, wa kusemea huna?"

Akasema Mama Raihana, unisamehe, mimi sikujua kwenu lile neno ni zito hivyo. Kisha akashusha sauti. Tangawizi hakutia. Nani ataua injini yake mwenyewe, mama? Ile aliitia kwenye chai. Kahawa alikunywa yeye. Na gari halikuzima pale darajani, alilizima kwa ufunguo ili watu wacheke.

"Pale katikati ya daraja!" Mwende akasema. "Na mimi nilikuwa ndani, natukanwa na malori!"

Basi tukacheka, mimi na Mwende. Nikawapa maji ya ukwaju. Kioko akaahidi kwenda kwa sheikh kusema yote mwenyewe.

Kama hakutia, sharti halikutimia. Kama halikutimia, sikuachwa. Nikaswali rakaa mbili za shukrani. Nilipotoa salamu nikabaki juu ya msala, kifua bado kizito. Kwa nini, nafsi yangu? Si ndilo nililokuwa nikiliomba?

Nimejua kwa nini. Ikiwa hakuniacha, hana haja ya kunirejea. Hatalisema. Siku zote hizi sikuwa nangoja fatwa, nilikuwa nangoja sheria imlazimishe mtu huyu kunitazama usoni na kusema neno moja la kweli. Sasa amesamehewa hata hilo.

Ijumaa, 24 Januari

Jibu limetoka baada ya swala. Maalim Fadhiya amenipigia simu: ndoa iko pale pale, haikuguswa. Na sheikh amemkemea Zakariya mbele ya Kioko. Vidio ifutwe, na atubu.

Nilikuwa bado nimeshika simu nikasikia kelele njiani. Nikachungulia. Yeye, na kifurushi cha halwa, na baraza zima nyuma yake.

"Swafia! Shuka! Ndoa imepita inspeksheni!"

Vicheko. Mmoja ameinua simu juu. "Shemeji, tupungie mkono!"

Nimefunga dirisha. Nimefunga na mlango kwa komeo. Nimekaa kitandani, na wewe ndiye niliye naye.

Nimemsikia akiwaambia waende. Mmoja akasema wacha masihara Bwana Turbo, tupige moja ya mwisho. Akawaambia tena nendeni, kwa sauti nisiyoijua.

Sasa amepanda. Amebisha mara moja. Nimengoja aseme gia, aseme klachi, aseme lolote. Hajasema.

"Swafia."

Basi. Hilo tu. Nasikia anavyopumua upande wa pili wa mbao.

Huenda ana simu mkononi na wenzake wako ngazini wamejiziba midomo. Huenda ndiyo mara ya kwanza tangu nimjue kwamba hana la kusema. Nikifungua nikakuta ni mzaha, sitaweza tena kukaa nyumba moja naye, najijua. Nisipofungua, na akawa amekuja na lile neno la kweli, atashuka nalo na hatapanda nalo tena, namjua.

Nafsi yangu, nimfungulie? Nijibu upesi tafadhali. Hajabisha tena, na hajaondoka.