Chumba cha Zidaka Saba

Nizwa, Oman
Jumanne, 12 Novemba 2024

Kwa Da Kaltham binti Musallam,
Mkunazini, Unguja.

Da Kaltham, shikamoo. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai umeamka salama na lile jicho ulilopasuliwa limeanza kuona, maana nimeandika kwa herufi kubwa makusudi ili usimpe mtu akusomee. Magoti je? Yaqeen, binti wa jirani yako aliyekuja huku kumtazama mamake mkubwa, kaniambia bado unapanda ngazi hadi darini kuanika nguo na hutaki kusaidiwa. Punguza, dada yangu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Joto limevunjika, asubuhi tunafungua madirisha. Tende za mwaka huu zilikuwa nzuri, na nimempa Yaqeen makopo mawili akuletee pamoja na barua hii. Mke wangu Wijdan anakusalimu sana, na binti yetu Israa anakubusu mikono.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu na hali tunazungumza kwenye simu kila Ijumaa. Lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na mimi kwenye simu nina tabia ya kusema hatujambo kisha nikakata. Mambo niliyonayo safari hii hayataki kukatwa. Akili yangu imevurugika, Da Kaltham, miezi miwili sasa, na sababu yake ni nyumba.

Unajua tangu nilipostaafu ualimu sina pa kukaa nikatulia. Mwezi wa Septemba nilimsindikiza rafiki yangu Yazeed kwenda Ibra kununua mbuzi. Tulipokuwa tunarudi tukapita kwenye hara, ule mtaa wa zamani ulioachwa na watu, kuta zake za udongo zimebomoka nusu na baadhi ya nyumba bado zimesimama. Kwenye mlango mmoja wa kuchongwa palikuwa na karatasi: Inauzwa, na nambari ya simu. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia kuchungulia tu.

Ni nyumba ya ghorofa mbili, ina ua katikati na kisima kilichofukiwa. Chini, upande wa kushoto, kuna chumba kimoja chembamba. Niliposimama ndani yake nikamkumbuka Baba. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitusimulia aliyoyasikia kwa Babu Said? Chumba cha zidaka saba, vishubaka vya kuwekea vitu ukutani, nne juu na tatu chini, na dirisha dogo linaloangalia falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, hata ukilala unasikia maji yanapita. Nikazihesabu zidaka. Nne juu, tatu chini. Nikaenda dirishani, falaji ile pale, maji yanapita. Yazeed alinikuta nimekaa chini kwenye vumbi na kanzu yangu nyeupe.

Nikapiga ile nambari. Mwenye nyumba ni mzee wa miaka karibu themanini, jina lake Khalaf, anakaa kwenye nyumba mpya ya saruji kando ya barabara. Kumbe alizaliwa Unguja na akaondoka kijana wa miaka kumi na minane. Kiswahili chake ni kile cha zamani, cha akina Baba, hata nilipomsikia nilitaka kulia. Aliniuliza jina, nikamtajia mpaka laqabu, jina letu la ukoo. Laqabu ni moja na yake! Nikamweleza habari ya zidaka. Mzee akasimama kwa shida, akanikumbatia, akasema, "Damu yetu imerudi. Usiniite Bwana Khalaf, niite Ami." Akasema kuna mtu anaitaka nyumba aifanye ya kulaza watalii, lakini kwa kuwa nimetokea mimi, mtu wa mbari, atangoja mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa leo ndiyo, kesho siyo. Nilimchukua fundi akaitazame. Akagonga boriti, unga wa mchwa ukamwagika mabegani mwake. Akasema ukuta wa kaskazini unasimama kwa rehema za Mungu tu. Nikarudi Nizwa nimeamua siitaki. Asubuhi nikaamka naitaka. Wijdan nilimpeleka mara moja. Alisimama uani, hakutaka kuingia ndani, akaniambia kwa Kiswahili chake hiki cha kuzaliwa Oman, "Nizar, hii nyumba kizee kuliko wewe, na wewe mgongo unauma. Nani atapanda hizi ngazi? Mimi siishi na nyoka." Nikamwona ana haki. Nilisali istikhara ili Mungu anichagulie, nikasali tena, na kila nikisali moyo ulikwenda kulia na miguu kushoto.

Israa yeye aliipenda siku ile ile. Unajua ameposwa na Firas, yule mhandisi wa Sur. Kijana mwenyewe mzuri, lakini mama yake tangu mwanzo alikuwa akiuliza maswali: nyinyi wa Zanzibar hasa ni watu wa wapi, nyumba yenu ya asili iko wapi. Wijdan alipomtajia kwenye simu kwamba tumepata nyumba ya mababu Ibra, sauti ya yule mama ikabadilika kabisa. Wiki ile ile wakapanga siku ya ndoa. Sasa kununua nyumba hakukuwa tena shauri langu peke yangu, na mimi nikaanza kuinunua mdomoni kabla ya kuinunua kwa hati.

Ami Khalaf alinipa ufunguo na sanduku la karatasi za zamani, kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi, akaniomba nimtafutie hati ya milki. Nilikaa mle chumbani, nikatandika gazeti, nikaanza kuzisoma moja moja. Mikataba ya mitende, zamu za maji ya falaji, barua za watu waliokufa. Karatasi ya kumi na kitu ilikuwa nene, rangi ya ngozi, ya mwaka 1318 wa hijria. Nitakufasiria ilivyo: "Nimemwacha huru, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mtumwa wangu Mabruk, na mkewe Zafarani, Myao, na mtoto wao Said. Nao wana haki ya kukaa chumba cha chini kinachoelekea falaji muda wa uhai wao." Chini yake mashahidi wawili na jina la mwenye kuandikisha, babu yake Khalaf.

Said bin Mabruk, Da Kaltham. Babu yetu.

Niliisoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Kwanza nilidhani ni Said mwingine. Kisha nikakumbuka maneno ya Baba vizuri, na nadhani wewe utayakumbuka kuliko mimi. Babu hakusema uongo hata mara moja. Babu alikuwa akisema "chumba chetu". Sisi ndio tuliosikia "nyumba yetu". Laqabu aliichukua kwa waliomwacha huru, kama walivyofanya wengi, akavuka nayo mpaka Unguja, na huko hakuna aliyemuuliza.

Nilifanya jambo la aibu. Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikamrudishia Ami Khalaf sanduku pamoja na hati yake ya milki, nikanywa kahawa yake, akaniita mtoto wa ndugu yake mbele ya wageni, nami nikaitika. Nikakaa nayo siku ishirini na tatu ndani ya kitabu cha fizikia ambacho najua hapa nyumbani hakuna atakayekifungua. Sikujua nina hasira na nani. Nilikuwa na hasira na mwenye kuandikisha, kisha na Babu, kisha nikamwonea huruma Babu, mtoto mdogo aliyetajwa mwisho kwenye karatasi kama kitu kilichosahauliwa. Na jina lile Zafarani lilinikaa mdomoni. Miaka yote nahesabu nasaba yangu wanaume kwa wanaume, sijapata kujiuliza nani aliwazaa.

Aliyenivunja ni Israa. Alikuwa anachora nyumba kwenye kompyuta, akanijia kuniuliza aandike jina gani juu ya kile chumba. Nikaliendea kabati la vitabu. Nikamfungulia kitabu, nikampa karatasi. Aliisoma yote, Kiarabu chake ni kizuri kuliko changu, akaniuliza swali moja tu, "Baba, ulikuwa unataka kuniambia lini?" Nikamwambia ukweli: sikuwa nataka. Akalia kidogo, akanawa uso, akaenda mwenyewe kumpigia Firas.

Firas alikuja Ijumaa iliyofuata, peke yake, kutoka Sur. Alikaa ukumbini na kikombe cha kahawa akikizungusha tu. Akasema yeye harudi nyuma. Lakini mama yake ana ombi, kwamba jambo hili lisitajwe kwenye majlisi wala kwa jamaa. Wijdan alitaka kusema ndiyo mara moja, nilimwona. Israa akamtangulia, akamwambia Firas amshukuru mama yake, naye atafikiri. Mpaka leo anafikiri. Siku ya ndoa iko pale pale kwenye kalenda na hapa ndani hakuna anayeitazama.

Siku ya pili nikaenda Ibra kwa Ami Khalaf. Nilimsomea karatasi yote, neno kwa neno, na nikamwomba radhi kwa kuichukua. Aliichukua akaipapasa kwa vidole. Kisha akaniuliza nani mwingine kaiona. Nikamtajia. Akasema, "Ichome, mwanangu. Ichome hapa hapa, kisha twende tukaandikiane. Mimi nimeshawaambia watu kuwa wewe ni wetu." Naapa alikuwa ananitakia wema. Nikamwambia siwezi, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina la bibi yetu. Akageuza uso. Halafu akasema, kama mtu anayetoa kitu asichotaka kukitoa, kwamba baba yake alikuwa akisimulia kuwa utotoni alinyonyeshwa na mwanamke wa chumba cha chini, mama yake alipougua. Jina hakupata kulitaja.

Kama mwanamke huyo ni Zafarani, basi baba yake na Babu ni ndugu wa kunyonya ziwa moja, na yule mzee ni ami yangu wa kweli kwa sheria ya Mungu. Na kama siye, mimi ni mgeni niliyeiba karatasi. Nani wa kumuuliza? Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nyumba bado anataka kuniuzia, ahadi yake ni ile ile ya mwisho wa mwezi. Lakini siku hiyo hakuniita mtoto wa ndugu yake, na mimi nilipotaka kumuaga nikakosa la kumwita.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Nimelizunguka kurasa zote hizi kwa kuwa naliogopa.

Mwaka 1991 ulinipelekea barua. Mimi ndiye nilikuwa walii wako wa kukuoza, Baba ameshafariki, nina miaka ishirini na saba na sijaoa. Ulinieleza kwamba Mwalimu Vuai wa Donge amekuja kuposa, kwamba ni mtu mpole na anasalisha, na kwamba wewe umeridhika. Ulitumia neno hilo, umeridhika. Nikakujibu mistari mitatu. Nilikuandikia kwamba nimewapelekea habari wazee wa kabila huku Oman, wameona si kufu yetu, si mtu wa daraja letu, wamekataa, na mimi sina la kufanya.

Da Kaltham, sikumuuliza mzee yeyote. Hakuna aliyekataa ila mimi. Wakati ule ndiyo kwanza nimepata barua ya sheikh ya kunitambua ili nipewe pasipoti, watu kazini wananiita Mzinjibari, mtu wa kuja kutoka Zanzibar, nikaogopa kwamba wakisikia dada yangu kaolewa na mtu wa Donge asiye na laqabu wataanza kunichunguza na mimi. Nililinda nasaba ambayo hatukuwa nayo. Yaqeen ameniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba Mwalimu Vuai alifariki mwaka juzi na kwamba ulikwenda Donge mazikoni, ukakaa na wanawake siku zote tatu kama mtu wa nyumba. Hukupata kunitajia. Wala hukuolewa.

Sitafuti unipunguzie lawama. Sijui hata kama mtu anaweza kuombwa radhi kwa miaka thelathini na tatu. Naiomba tu kwa sababu nikinyamaza leo nitakuwa nimekuandikia ile mistari mitatu mara ya pili.

Nyumba ile siku nyingine naitaka ili kitukuu wa Zafarani awe na ufunguo wa mlango mkubwa, siku nyingine naona kuinunua ni kuwalipa wale waliomuweka chumba cha chini. Yote mawili nayaamini, na ndiyo maana silali. Nimemwambia Mzee Khalaf kwamba jibu halitatoka kwangu. Wewe ndiye mkubwa wetu. Zamani nilisema kwa ulimi wako bila ya kukuuliza, basi safari hii sema wewe kwa ulimi wangu. Ukisema ninunue, nitanunua na mchwa wake. Ukisema niache, nitarudisha ufunguo siku hiyo hiyo. Na ukiwa hutaki kuniambia neno lolote, nitaelewa, na nyumba nitaiacha iende.

Nisalimie majirani wote wa Mkunazini na wanaoniulizia. Tia dawa ya jicho kwa wakati, na usibebe ndoo. Nakuombea kwa Mungu kila sala, ingawa najua nina deni la kukuombea zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Nizar