Tangi la Mzee Shabani Juu ya Mbao Zinazoelea

Shikamoo, Fundi Kombo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana wa kuniitikia sina.

Ni mimi Hamisi wako. Nimekaa kizingitini mwa sebule ya watu hapa Mbegani, daftari juu ya goti. Usinicheke. Mimi niliyefika Mombasa na Ngazija, niliyekula na mabaharia wa kila rangi, leo naogopa sebule. Mbele yangu kuna tangi la samaki la lita mia sita. Nimelifunga mwenyewe, na sakafu iliyo chini yake inalia.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, nivute pumzi. Bi Zuhura wako katoka eda juzi. Kakonda, lakini maandazi ya asubuhi kaanza tena, na akimkuta mtu kwenye kiti chako anamnyanyua kwa jicho. Simu yako ya kazi ninayo mimi. Wateja wanapiga, wanakuulizia, nawaambia. Wananyamaza. Nami ule ukimya siuwezi, basi naujaza kwa majigambo: "Fundi sasa ni mimi, kutoka hapa mpaka Msata hakuna tangi linalonishinda."

Ndivyo nilivyomwambia Bi Mwanaidi. Humjui, ndiye mwenye nyumba hii. Mumewe, Mzee Shabani, alikuwa fundi nyavu, mpaka kiharusi kikamlaza. Upande wa kulia hauna kazi, kugeuka mpaka ageuzwe. Mtoto wao aliyeko Omani akaona baba asishinde akitazama ukuta, akaagiza anunuliwe tangi la samaki. Mtoto huyohuyo ndiye aliyewawekea sakafu ya lamineti, zile mbao nyembamba za kiwandani zinazopachikana, chini yake sponji.

Umeshajua ninakokwenda.

Ile nyumba ya Kerege naikumbuka kama jana. Ulipiga magoti, ukagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, ukatega sikio. Ukaniambia, "Hamisi, mbao hizi hazikupigiliwa, zinaelea. Ukizikalisha karibu tani ya maji zitatafuta pa kutokea." Ukashika msumeno, ukakata mbao za watu sawasawa na stendi ya tangi, stendi ikakaa juu ya saruji. Mwenye nyumba midomo ikamcheza. Ukamwambia, "Lia leo, mama, usije ukalilia maji."

Sasa mimi nilipotoa msumeno hapa, Bi Mwanaidi akanishika mkono: "Wee! Ukitia msumeno kwenye sakafu ya mwanangu, na mimi nakukata wewe!" Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi tuna utaalamu." Utaalamu gani, fundi wangu? Nilitandika kipande cha plaiwudi, basi. Nikaweka pima maji kupima usawa, povu likatulia katikati, nikapiga picha. Picha nimeionyesha watu mpaka sokoni.

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa pwani analijua. Mama zetu hawafuti sakafu, wanaideki. Ndoo nzima inamwagwa, maji yanasukumwa na fagio mpaka mlangoni, kila siku. Saruji haijali. Lamineti inakunywa. Bi Mwanaidi anadeki kama alivyofundishwa na mamake, na kwenye stendi ndiko anakokazana zaidi, eti samaki wasikae kwenye uchafu. Nilimwona siku ya kwanza ileile. Sikumkataza, nisionekane fundi mwenye masharti.

Leo asubuhi nimekuja kusafisha kichujio. Nikatazama maji. Upande wa kulia yanagusa ukingo mweusi wa juu, wa kushoto yako chini kwa upana wa dole gumba. Mbao za mguuni pa stendi zimevimba kama mkate uliotiwa kwenye chai. Nikakanyaga. Ta! Maji yakayumba.

Na kitanda cha Mzee kiko pale pale, mkono ukinyooshwa unagusa kioo. Mwenyewe aliomba kisogezwe. Kulia huko, tangi linakoinamia.

Bi Mwanaidi akaniuliza, "Vipi, mwanangu?" Nikamjibu, "Kawaida, mama. Sakafu inazoea mzigo." Akaniombea dua, akaenda jikoni. Nimetia mpira, maji yanatoka dirishani yanaangukia mchicha wake. Nimemwambia ni usafi wa kawaida. Samaki nimewatoa, wako kwenye ndoo. Samaki nimewatoa, fundi, na Mzee nimemwacha! Maana nikisema tumtoe ataniuliza kwa nini. Silikoni iliyoshika vioo ikiachia, kile kioo kinamwangukia mtu asiyeweza hata kujikinga uso. Hilo nalijua, na bado nimekaa hapa nakuandikia wewe, kwa sababu wewe huwezi kunikasirikia.

Sakafu imelia tena. Ngoja.

Nimerudi. Nimemwambia. Nilisimama mlango wa jikoni nikasema, "Mama, tangi nimelikosea. Linaweza kupasuka." Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Hamisi, mume wangu amelala pale."

Tumembeba kwa shuka, yeye kichwani, mimi miguuni. Mlango uko mbele ya tangi, njia nyingine hakuna. Kila hatua ubao unabonyea, maji yanakwenda yanarudi, na mimi mgongo wangu ndio ulioelekea kioo. Nilisoma kila dua niliyoshika madrasa, na nilizoshika ni chache, nikazirudia. Katikati hapo Mzee, na ulimi wake mzito, akasema, "Polepole, nahodha, chombo kimepakia." Bi Mwanaidi akacheka huku machozi yanamtoka.

Sasa yuko barazani, kaegemea mito, ndoo ya samaki pembeni yake. Maji yamefika nusu. Mpira ni mmoja, mwembamba, kuyaharakisha siwezi. Bi Mwanaidi kaniuliza kwa nje, "Yatamalizika saa ngapi?" Mdomo ulishafunguka useme dakika mbili. Nikasema, "Sijui, mama. Ila usiingie."

Fundi wangu, nakuahidi. Likikauka nitamwomba ruhusa ya kukata zile mbao, yeye akiwa amesimama juu yangu. Akinikataa, nitamtafutia fundi mwingine na nitamshikia pima maji. Bi Zuhura nitamweleza leo leo, kabla hajasikia sokoni kwamba jina lako nimelifanyia hivi. Na ile picha naifuta.

Mungu akupanulie kaburi, akujaalie baridi na nuru. Mimi wako nakuacha hapa.

Sakafu imelia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Kitanda ni kitupu. Naingia kushika mpira usichomoke.

Hamisi