Redio ya Nathanael Kule Miriakamba

Levolosi, Arusha

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepungua maumivu na migomba imesimama baada ya upepo wa juzi. Mimi ni mzima, na banda langu la kukodisha vifaa vya wapanda mlima linakwenda.

Uliniuliza kama vijana wa usharika wenu wanaotaka kupanda Meru wanahitaji kweli vidude vyangu: saa za kuonyesha njia, redio call, paneli za kuchajia simu. Mimi ndiye ninayevikodisha, lakini wewe siwezi kukudanganya. Wabebe sweta, maji na tochi ya kichwani. Njia anaijua kiongozi, na askari wa hifadhi anayo redio yake. Vingine hubebwa ili vipigwe picha.

Aliyebeba vyote ni Nathanael. Ndiyo, huyohuyo aliyemwacha Vaileth wetu baada ya ndoa kutangazwa mara mbili katika kanisa letu hapa mjini, kisha akaeneza kwamba mdogo wangu ana mwanaume mwingine. Tangu hapo Vaileth haendi kwaya, na wewe ukanisihi nimwachie Mungu. Wiki mbili zilizopita Nathanael akaja bandani bila aibu, ananiita shemeji, anataka kila chenye betri, maana alikuwa anampandisha mchumba mpya, Angel, pamoja na vijana wa kanisani. Nikampa. Nikamwambia mtu wa kisasa hakosi redio call. Moja akaifunga kifuani, ya pili nikampa mwinjilisti Sifaeli aliyefuatana nao.

Sifaeli ndiye aliyenisimulia. Walipofika Miriakamba, kibanda cha kulala huko mlimani, walikaa mezani kunywa chai, redio ya Sifaeli iko katikati ya vikombe. Nathanael alikuwa nje na rafiki yake Eliud, wanatafuta mtandao. Mara redio ikaanza kutoa sauti ya Nathanael, anacheka. Alikuwa anamwambia Eliud kwamba ile habari ya mwanaume wa Vaileth aliitunga mwenyewe, kwani angemwachaje mchumba bila sababu? Kwao Vaileth kuna kahawa na shamba la mteremko tu, ila baba yake Angel ana viwanja Terrat. Angel hakulia. Aliomba chai nyingine, akamsubiri aingie, akamtumbukizia pete kwenye kikombe mbele ya wote. Kesho yake akashuka. Jumapili iliyopita mwinjilisti akalieleza kanisa zima walichokisikia.

Sasa, Mama, kaa vizuri. Wote wanadhani kibonyezo cha kuongelea cha redio ya Nathanael kilinasa kwa bahati mbaya, lakini hakikuharibika. Nilikitengeneza mimi ili kikibonyezwa mara moja kisirudi, mwenyewe asisikie kitu, ila wenzake wamsikie yeye. Sikujua atasema nini, lakini mdomo wake naufahamu. Mungu nilimwachia, mimi nilimpelekea sauti tu. Sijatubu.

Nathanael sasa anataka kurudi. Jumamosi atakuja hapo nyumbani na wazee wake, aombe radhi na kumposa Vaileth upya. Nakuomba usimfukuze. Wapikie, waite majirani, na mwache aongee mpaka amalize. Vaileth anajua kila kitu. Wakati naandika yuko hapa anapiga pasi gauni lake. Anasema jibu lake ni fupi, ila anataka na wa nyuma walisikie.

Nisalimie Baba Mdogo na wote wa Akheri. Ubaki na amani mpaka tutakapofika.

Ni mimi mwanao,
Anaeli