Nilishuhudia Kwamba Sukari Imeisha

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie haraka, kwa sababu nilifurahi kupita kiasi na sasa mtu anaweza kuumia. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisian, nina ugonjwa wa sukari mwaka wa sita huu, na kwa muda mrefu fizi zilikuwa zinatoka damu nikipiga mswaki, nami kila palipotoka damu naparuka, nikidhani napapumzisha, huku sukari ikikataa kushuka na bwanangu Masinde akinilaumu kwamba nakunywa soda kwa siri, na Mungu ananiona sijaonja. Mwishowe daktari wa meno mjini akanisafisha mara mbili hadi chini ya fizi, na baada ya miezi mitatu kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari kikashuka kutoka asilimia tisa nukta moja hadi nane nukta tano, Masinde akaniomba msamaha, nikatafuna mahindi ya kuchoma bila maumivu, nikasikia raha sana. Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda, na unajua ushuhuda wetu, mtu hasemi imepungua, anasema imeisha, basi nami nikasema sukari imeisha, watu wakapiga makofi, na tembe zangu sikuzitaja ingawa nameza kila siku. Sasa Mama Nabututu wa kwaya, mgonjwa kama mimi, ameacha dawa wiki hii. Anasema, "Mercyline alisafishwa meno tu." Naona aibu kumwambia. Nifanye nini?

Mercyline, Kisian

Mama Mercyline, hongera kwa fizi zako, na pole kwa soda ambayo hukuinywa. Furaha yako ni ya haki. Fizi zikiwa na ugonjwa, mwili unapigana nao kila saa na sukari inakuwa ngumu kushuka. Zikitibiwa, mara nyingi inashuka kidogo. Kidogo, mama! Nane nukta tano bado iko juu, na tembe unazozificha ndizo zinazokushikilia. Kwani Mungu angekasirika ukisema imepungua?

Usingoje Jumapili. Funga cherehani leo, nenda kwa Nabututu, mwambie ulidanganya, kwa neno hilo hilo, umeze dawa yako akikuona. Kesho asubuhi mshike mkono mwende kliniki, apimwe, arudishiwe dawa zake na daktari, na fizi zake ziangaliwe pia. Kanisani utasimama tena baadaye, useme ukweli. Aibu yako itaisha kwa dakika tano. Macho ya Nabututu yakiharibiwa na sukari, hayarudi.