Upana wa Kisiki

Jumamosi, 3 Mei

Barua ya chama cha wafugaji imefika. Mkaguzi anakuja tarehe 28 Juni kumtazama Kisiki, farasi wangu wa aina ndogo. Akimkubali kuwa dume mwenye umbo la farasi wa mizigo, ataandikwa kitabuni na ataruhusiwa kuzalisha. Akimkataa, anahasiwa. Nilimwahidi hivyo baba watoto mwaka jana, mbele ya dada yake, kwa hiyo sina pa kutokea.

Sina wasiwasi. Kisiki ananifika kiunoni tu, lakini ukimtazama kwa mbele — kabati! Kifua kipana, mgongo mfupi, makalio ya mviringo. Tangu nisome masharti ya chama namwongezea nafaka asubuhi na jioni, apanuke zaidi. Na amepanuka kweli.

Jumatano, 14 Mei

Fundi wa kwato kaja. Kabla ya kushika mguu, kampitishia Kisiki vidole ubavuni. Kabonyeza. Kabonyeza tena. Mbavu hakuzipata. Kaniuliza, huyu tunamwandaa kuvuta mkokoteni au kuolewa?

Nikamwonyesha kifua, kwa majivuno. Kacheka kwa heshima. Kasema, mama, hayo yote mafuta. Farasi wa mizigo hutambulika kwa mfupa, na mfupa haulishwi ukubwani. Katoa uzi, kauzungusha mguuni chini ya goti. Mfupa upo, mnene, mzuri. Ila mwili ukivimba hivi, mguu unaonekana kijiti. Tena kwato za mbele zina joto. Nikiendelea na nafaka, atalemaa kabla mkaguzi hajafika.

Miaka kumi na moja nafuga farasi wadogo! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Wengine huwanenepesha kwa huruma. Mimi nimemnenepesha kwa kusoma masharti. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Alhamisi, 29 Mei

Nafaka basi. Ni majani makavu tu, yaliyolowekwa yapungue sukari, kwa kipimo. Kwato zimepoa tangu wiki iliyopita, fundi karuhusu matembezi. Tunakwenda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, pole pole. Kisiki hunitazama kama mtu aliyeibiwa.

Mimi pia nimepungua. Suruali inanivuka. Raha tupu.

Ijumaa, 13 Juni

Hapungui. Wiki mbili, tumbo lile lile. Fundi kaniangalia kwa jicho la pembeni. Nimemwapia sijampa hata punje.

Jioni nilisahau brashi zizini, nikarudi. Nikamfuma baba watoto. Yeye huyu anayesema kila siku kwamba dume ni usumbufu mtupu! Anamlisha Kisiki karoti, moja baada ya nyingine, huku anampa pole. Mifuko yote ya koti imejaa. Nikamwuliza tangu lini. Tangu siku ile ya uzi. Kasema chakula hakimshuki kooni akijua mwenzake analala na njaa.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nimempenda upya, mzee yule. Lakini karoti nimezifungia kabatini na ufunguo ninao.

Jumamosi, 28 Juni

Niko kwenye benchi la zizini. Naandika huku mkaguzi akiwa bado hapa.

Mkaguzi ni mama mfupi, si mtu wa maneno. Kamzunguka Kisiki mara tatu. Mbavu kazipata kwa vidole, vizuri. Mgongo, kaandika. Makalio, kaandika. Kamwona akitembea, kaandika. Kisha kapima mguu chini ya goti, na hapo hakuandika. Kauliza amekuwa akila nini.

Ningeweza kusema majani tu. Nimesema yote, nafaka na mafuta na kwato za joto. Baba watoto kaongezea karoti, hata hakuulizwa. Mkaguzi katutazama mmoja mmoja.

Kasema kipimo cha mfupa kiko mpakani kabisa. Atapima tena, farasi asimame sawasawa kwenye sakafu ya saruji, uzito wote uwe kwenye mguu huu. Mtu anyanyue ule mwingine.

Kisiki hataki. Anarudi nyuma, anazungusha kichwa. Baba watoto keshapiga goti kwenye maji yaliyotuama sakafuni, kwa suruali yake ya kuendea mjini, kaukumbatia ule mguu mwingine kama mtoto. Mkaguzi kainama na utepe. Mume wangu anamnong'oneza farasi, anadhani sisikii.

"Simama vizuri, bwana. Simama tupate wajukuu."