Sikukuu ya Sponji

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu, za moto kama chai ya asubuhi. Hujambo? Mgongo vipi, bado unakusumbua ukishinda kwenye usukani? Mama watoto hajambo? Na yule mdogo, bado hataki kuvaa viatu?

Sisi huku wazima, ila mimi nina ugonjwa mmoja ambao dada yako hajautibu, pamoja na ukunga wake wote. Ni wivu. Usicheke, shemeji. Ninamwonea wivu mbwa.

Unamkumbuka Sponji, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Ulipotutembelea alikula soksi yako. Ijumaa moja ya mwezi uliopita alitimiza miaka saba tangu aingie nyumbani kwetu, na dada yako akaamua siku hiyo haiwezi kupita hivi hivi. Basi tukasafiri. Siku mbili nzima, nyumba ya wageni kando ya ziwa, kwa heshima ya mbwa!

Unajua likizo za wodi ya wazazi zinavyopatikana. Mwaka jana nilimwomba twende wote harusi ya mpwa wangu, akasema wakunga hawatoshi na uchungu wa uzazi haungoji harusi ya mtu. Nikaenda peke yangu na suti yangu, kila meza naulizwa mke yuko wapi. Kwa Sponji, likizo ilipatikana.

Alikodi gari la jirani yetu dereva. Sponji akakaa mbele, eti akikaa nyuma hutapika. Mimi nikakaa nyuma na mabegi mawili, blanketi la mbwa magotini. Hata mimi hutapika nikikaa nyuma, lakini nani aliuliza?

Tulipofika, mwenye nyumba alitoka mlangoni anatabasamu. "Mwenye sherehe yuko wapi?" Shemeji, mkono wangu ulinyoosha kola kabla sijajizuia. Mama yule akanipita kama mlango ulio wazi, akapiga magoti mbele ya mbwa. Alikuwa amemwandalia maini ya kuchemsha, vipande saba kwenye sahani ya maua. Mimi nilipewa chai, nayo ilikuwa imepoa.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Sponji alipokula vipande vyote saba kisha akalamba pua ya mwenye nyumba, dada yako alicheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha kushika mbavu, alichokuwa akinichekea mimi tulipokuwa wachumba. Nilidhani kilishastaafu. Kumbe kipo, ila mimi sikipati tena. Hapo roho iliniuma kweli.

Nikanuna. Unajua ninavyonuna, kwa kukagua viti vya watu. Nilivipindua viti vyote vya kibarazani, nikatangaza kwamba aliyevitengeneza amepigilia misumari mahali pa kushona na anastahili kushtakiwa. Dada yako akaniuliza nina nini. Nikayatapika yote.

"Miaka kumi na tisa tumeoana! Siku yangu ya kuzaliwa inapita kimya, hata keki ya kusingizia sijawahi kukatiwa. Mbwa analetwa ziwani!"

Alifungua pochi akatoa kikaratasi kilichochakaa pembe, amekizungushia utepe wa plastiki kisichanike. Nilikitambua mara moja. Ni kile ninachofunga kwenye kila kochi linaloisha: tarehe, kazi, na mtu wa kulichukua.

Miaka saba iliyopita nilichana kochi kuukuu la watu watatu, nikakuta kitoto cha mbwa kimejichimbia ndani ya sponji, kimelala fofofo. Sikujua nikifanye nini. Kwa utani nikakifunga kikaratasi shingoni, nikaandika: "Kazi imekamilika. Ichukuliwe na mke wangu mpenzi." Nikakipeleka nyumbani, na utani wenyewe nikausahau kabla sijanawa mikono.

Dada yako hakuusahau.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "hii ndiyo siku moja uliyoniletea kitu. Ulitaka niiache ipite?"

Kisha akaongeza, kwa sauti ya upole, na upole wake unauma kuliko kelele: "Na hiyo siku yako unayoidai. Yangu ni lini?"

Nikasema mwezi wa tatu. Akanitazama. Nikasema wa nne. Akamfunga Sponji kamba, wakaenda kutembea kando ya maji.

Shemeji, mkuki kwa nguruwe. Mwanamke huyu kila siku anaandika tarehe za kuzaliwa za watoto wa watu, na mimi mumewe, tarehe yake siijui. Nilibaki kibarazani na viti vyangu vilivyopinduka, nawatazama wakienda. Nikamwonea wivu mbwa tena, maana yeye alikuwa ubavuni mwake.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Niandikie tarehe na mwezi aliozaliwa dada yako. Simu naiogopa, wewe huongea kwa spika na mkeo husikia, na akisikia yeye, dada yako amesikia. Mama mkwe siwezi kumwuliza, nitauweka wapi uso wangu? Tuma jibu hapa karakana, si nyumbani. Na kama siku yenyewe ilishapita mwaka huu, usinifiche.

Ninamtengenezea kiti cha kuegemea, chenye pahali pa kunyoosha miguu akitoka zamu. Nimekishona chote kwa mkono, hakina msumari hata mmoja. Sponji ameshakipanda mara tatu, nami nimemshusha mara tatu. Safari hii na asubiri zamu yake.

Kikaratasi nimeshakifunga. "Ichukuliwe na mke wangu mpenzi." Mahali pa tarehe pako wazi.

Nisalimie mama mkwe kwa heshima zote, na mkeo, ila barua hii asiione. Watoto wabusu wote, na huyo wa pekupeku mara mbili. Mungu awafunike kwa amani na aunyooshe mgongo wako.

Akupendaye, na anayengoja tarehe,
Mume wa dada yako.